Anwani

Fomu ilitungwa mchana, na watu wanaolala vizuri usiku.
Jina. Umri. Kitambulisho. Anwani.
Tulichapa nakala mia nne kule Ngara,
kwa pesa za mchango wa chai,
tukatoka saa tano usiku, sisi saba,
kalamu zimefungwa uzi shingoni,
tochi ni simu ya Syombua, chaji nusu.

Tulitaka Kaunti isome majina.
Hilo tu. Tulidhani jina likisomwa kwa sauti
halitalala tena barabarani.

Mtaa wa Kirinyaga, mbele ya duka la vipuri,
Bwana Gichohi aliinua gunia
kama mtu anayefungua dirisha.
"Hamjabisha," alisema.
Tukarudi nyuma hatua tatu.
Hodi.
"Karibuni. Vueni viatu."
Keverenge alicheka. Mzee hakucheka.
Tukavua.

Saruji ya saa sita usiku, mwezi wa Julai,
aliyeikanyaga kwa soksi hahitaji kuelezwa,
na asiyeikanyaga sina neno la kumpa.

Jina: Gichohi wa Mbote.
Umri: "Mimi niliacha kuhesabu, endeleeni nyinyi."
Kitambulisho: kilikwenda na kanjo, pamoja na blanketi.
Anwani.
Hapo kalamu ya Syombua ikasimama.
"Mbona huandiki?" mzee akauliza.
"Andika: kati ya mlango wa chuma na mfereji,
upande ambao mvua haiingii sana.
Jirani wa kushoto ni Khavere na mtoto.
Jirani wa kulia alikuwa Otuoma.
Alihama Jumanne. Tumbo."

Usiku wa tatu tulikuwa na majina mia tatu na kumi na mawili.
Chini ya daraja la Globe, nguzo ya pili.
Nyuma ya choo cha kulipia, Muthurwa, penye joto.
Juu ya bomba, uliza Kinyozi.
Tulinakili yote kwa mwandiko wa mtihani
tukayapeleka katika bahasha ya kaki.

Karani alipitisha kidole kwenye safu ya nne,
chini, chini, hadi mwisho wa ukurasa.
Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua.
"Anwani hizi hazipo," alisema,
"na sahihi isiyo na anwani si sahihi."
Hata yeye alisikia alichosema.
Alipenga kamasi, akaturudishia bahasha.

Nyarangi hakubali kushindwa, hata karata.
Usiku ule ule tuliandika barua arobaini,
kila moja na jina lake na mahali pake,
ndani mstari mmoja: *Tunajaribu kama utafikiwa.*
Kijana wa boda aliyezibeba
hakuuliza njia hata mara moja.
Alirudi alfajiri na stakabadhi zenye alama za vidole,
thelathini na tisa.
Khavere hakuonekana. Wala mtoto.

Karani alizihesabu mara mbili.
Akautoa muhuri kwenye droo, akaupulizia pumzi
kama anayepasha vidole moto,
akagonga.
IMEPOKELEWA.
Haikusema imesomwa, wala imekubaliwa.
Keverenge aliipiga picha hata hivyo.

Jioni tulikwenda kumwambia mzee.
Tulibisha, tukavua.
Barua yake ameibandika kwenye mlango wa chuma
kwa ugali uliokauka, hajaifungua.
"Barua ya kwanza haifunguliwi mbele za watu."
Na ile ya Khavere?
Akainua jiwe. Ilikuwa pale, imefungwa kwenye mfuko wa maziwa,
anamtunzia.

Tukasimama ukingoni mwa mfereji, viatu mkononi,
hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvivaa.
Mvua ikaanza,
ikaingia
upande ule ambao haiingii sana.